Saa za Kubuni katika Daftari la Dada Salma

Harufu ya kitambaa kinachokaribia kuungua ndiyo iliyojaa uani kwetu Temeke msimu ule wa kaskazi. Dada Salma alitaka taa ya chemli izungushiwe kipande cha kanga nyekundu, ili mwanga usiyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, na kila mara kitambaa kilipopata moto na kuanza kunuka, mama alilalamika kutoka jikoni kwamba siku moja tungeichoma nyumba. Waingereza ndio waliotawala wakati ule, na Temeke yetu ilikuwa mihogo na minazi, nyumba za makuti nyingi na za bati chache. Umeme tuliuona kwa mbali tu, mng'ao hafifu upande wa bandarini alikofanya kazi baba. Juu ya ua wetu mbingu ilikuwa nyeusi tii, na nyota zilitapakaa kama mchele uliomwagika.

Salma alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi. Alikuwa akisomea ualimu mpaka moyo ulipoanza kumsumbua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akarudishwa nyumbani alale. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao akawa hawezi hata kuteka maji. Mwalimu wake, Bi Agnesi, mwanamke mpole kutoka bara, alikuja kumjulia hali akamletea ramani ya nyota na kazi ambayo mgonjwa angeweza kuifanya akiwa amelala chali. Upande wa kaskazini, alisema, ipo nyota ambayo Waarabu waliiita kichwa cha zimwi. Kwa macho ni moja, lakini kwa kweli ni mbili zinazozungukana, moja angavu na nyingine hafifu. Kila baada ya siku mbili, saa ishirini na dakika arobaini na tisa hivi, ile hafifu hupita mbele ya mwenzake, na nyota hupatwa kama jua linavyopatwa: hufifia kwa saa kadhaa, kisha hurudi. Waliokuwa wakikusanya nyakati hizo ng'ambo walipokea hesabu ya mtu yeyote, mradi iwe ya kweli.

Mama hakupenda. "Mgonjwa atazame kichwa cha zimwi?" alisema. Lakini alipoona Salma ameanza kula vizuri jioni za kazi, akawa yeye mwenyewe anaburuta kitanda cha kamba hadi katikati ya ua.

Kazi ilikuwa hivi. Salma aliilinganisha nyota yetu na jirani zake wawili, mmoja mwangavu na mmoja hafifu, akaipa alama kati yao, sifuri hadi kumi. Kila robo saa alisema, "Andika sita," au, "Andika nne," nami nilikimbia ndani kuisoma saa ya mezani, ambayo baba aliirekebisha kila siku kwa saa ya kazini, nikaandika saa na alama. Kesho yake Salma alitia vitone kwenye karatasi ya miraba, akaviunganisha kwa mstari uliotumbukia kama bonde. Chini kabisa ya bonde ndipo ilipokuwa saa ya kupatwa. Mara tatu mfululizo alipata karibu sawa na alivyotarajia. Sijamwona mtu akiifurahia karatasi namna ile.

Mara ya nne kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ngoma zilipoanza nilisogea hadi kwenye uzio wa makuti, nikachungulia wanawake wakicheza.

"Andika tano!" Salma aliita.

"Nimeandika!" nilijibu, macho yangu yakiwa kwa bibi harusi.

Aliita tena na tena, nami nikajibu vilevile. Ngoma ilipopumzika nilirudi kwenye daftari nikajaza alama nilizozikumbuka, na saa kwa kukisia.

Kesho yake bonde lilikuja limechelewa kwa dakika arobaini. Salma alipiga hesabu upya mara kadhaa. Hatimaye akaweka kalamu chini. "Mama, macho yangu yameanza kunidanganya," alisema. "Ugonjwa umefika huku." Akaniambia nilifungie daftari sandukuni, na tangu jioni ile hakutaka kutolewa nje. Nilimwona amegeukia ukuta, nami nikakaa kimya. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nilisema siku walipokuwa wakimtayarisha kupelekwa hospitali. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote. Nilitarajia anishike kichwa, kama kawaida yake. Hakunigusa.

"Mbona hukuniambia nilipokuwa bado na nguvu ya kurudia?"

Hayo tu. Wakamwinua. Hakurudi, alizikwa kabla ya mvua za masika, na nyota ilikuwa imekwisha kushuka chini ya minazi.

Iliporudi mwishoni mwa mwaka nilifungua sanduku. Nilianzia kwenye bonde lake la tatu, nikaongeza siku, saa na dakika, nikakosea, nikaanza tena. Kisha jioni moja nikakaa peke yangu uani na saa mapajani, sikuinuka hata kwa haja. Nyota ilifika chini pale pale hesabu zake zilipoelekeza, tofauti ya dakika chache. Bi Agnesi alikuwa amehamishiwa bara, hatukujua wapi, na sikuwa na mwingine wa kumpelekea hesabu. Nilimwambia mama, naye akaendelea kupepeta mchele.

"Basi macho yake yalikuwa mazima," alisema, akageuka asinionyeshe uso.

Majuto ni mjukuu, husema wazee, na wajukuu sasa ninao. Temeke imejaa taa na maghorofa, na upande wa kaskazini sioni hata nyota kumi. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu saa ya kila kupatwa, hadi miaka ijayo. Hakuna tena anayesubiri daftari kutoka uani kwetu. Nafurahi kwamba mtoto wa leo hawezi kumharibia mtu hesabu kwa sababu ya ngoma. Lakini simu haikumjua aliyekuwa akilala chali akitafuta kitu kimoja cha kufanya vizuri. Umri wangu umepita wake mara nne, na bado nikimtaja namwita dada.