Jumatano Niliyotafsiri Unabii

Mzee wetu wa kanisa alikuwa na unabii wa kila jambo. Lami ilipofika mtaani kwetu Bagamoyo, hapa Tukuyu, alisema manabii waliitaja. Bei ya parachichi iliposhuka, kumbe nayo ilikuwa imeandikwa. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mwajiriwa wa serikali kutoka Singida, ambako mvua ni habari ya kusimuliana, kwa hiyo nilimsikiliza kwa adabu ya mgeni.

Kisha nyumba ya jirani na kwangu akahamia daktari wa mifugo, mwanamke Myahudi aliyekuja kusaidia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mzee aliposikia, uso ulimng'aa. Akamwalika kwenye somo letu la Jumatano na kuniomba nitafsiri. Alisoma polepole ile sura ya nabii juu ya mtumishi anayeteseka, kisha akamuuliza mgeni mtumishi huyo ni nani. Tabasamu la ushindi alishaliweka tayari.

Mgeni akajibu kwa upole kwamba kwao alifundishwa ni taifa la Israeli lenyewe, maana sura za nyuma zinaliita hivyohivyo. Mzee akarukia unabii wa bikira atakayezaa mtoto. Mgeni akasema neno la Kiebrania pale ni mwanamke kijana tu, na ishara ile alipewa mfalme mwenye vita mlangoni. Mtoto wa kuzaliwa karne nyingi baadaye angemfaa nini?

Nikatafsiri yote, kwa ufasaha ninaolipiwa mshahara. Waumini wakanikazia macho mimi, si yeye. Mzee akasema kwa uchungu kwamba maneno ya nabii hayabandikwi popote mtu anapotaka. Nikakumbuka lami, nikatafsiri na hilo.

Jumapili nikasalimiwa kama mtu aliyerudisha ubatizo wake. Mama mmoja wa kwaya akaahidi kuniombea, kwa sauti ya kutosha kanisa zima.

Siku chache baadaye mzee alibisha hodi kwangu, koti likichuruzika maji, akaomba nimpeleke kwa daktari. Nilidhani anakwenda kumkemea. Alipokwisha kupewa chai akasema, "Mwalimu, mwambie maneno haya nimeyasoma tangu utoto. Sikuwahi kuuliza wenyewe wanayasomaje."

Daktari akaeleza kwamba hata wao hawakubaliani. Walimu wao wengine wa kale walimwona Masihi katika sura ileile. Mzee akafurahi kana kwamba ameshinda kesi. Kisha akamgeukia daktari mwenyewe.

"Na ninyi bado mnamsubiri?"

"Tunamsubiri."

"Hata sisi. Tunasubiri arudi."

Hapo sikutafsiri. Kiswahili cha daktari kilitosha.

Jumatano iliyofuata mzee alifundisha sura ileile na kufikia hitimisho lilelile, ila aliongeza kwamba Wayahudi husoma vingine, nao wana sababu zao. Baada ya somo akamwomba daktari akamtazame ng'ombe wake mwenye homa. Wakabishana njia nzima juu ya yule mfalme, nami nyuma yao kwenye tope, nikitafsiri.