Nundu ya Shilingi Kumi

Kile kichwa cha garimoshi kilinigharimu shilingi sabini na tano, jogoo mmoja mwekundu na kilo moja ya sukari. Nimejumlisha mara mbili. Nauli sikuitia kwenye hesabu kwa sababu nilikwenda kwa baiskeli, na jasho lilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo serikali ilikuwa haijavipangia bei.

Watu nikiwasimulia huuliza kwanza kama kilikuwa kinatembea. Hakikuwa kinatembea. Kilikuwa cha bati na shaba, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, kimepigiliwa juu ya kibao. Nilikinunua ili nioe.

Miaka ile watu walikuwa wamekwishahamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa, na mimi, mtu wa Kwamsisi, nilikuwa nazunguka na baiskeli vijiji vya Handeni nikinunua kuku, kisha nawapeleka Korogwe kuwauza pale stesheni. Mwenye adabu aliniita mfanyabiashara. Kwenye mikutano niliitwa mlanguzi. Magarimoshi yalipita mbele yangu mchana kutwa, lakini ungeniuliza yana magurudumu mangapi, nisingejua. Mimi nilikuwa naangalia madirisha. Wanunuzi wako madirishani.

Binti niliyempenda alikuwa Kwedizinga. Baba yake alizaliwa hukohuko, ila ujana wake wote aliumalizia Ngombezi kwenye shamba la mkonge, akiendesha injini ndogo ya kuni iliyovuta matoroli ya majani kutoka shambani hadi kiwandani. Injini yenyewe ilikuwa ya tangu enzi za Mjerumani. Matrekta yalipokuja ikaegeshwa, naye akarudi kwao kulima mahindi, miongoni mwa watu ambao wengi wao hawajapata kuona reli.

Siku ya kupanga mahari mwoaji haingii ndani. Aliingia baba yangu mdogo, ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Mimi nilikaa nje chini ya upenu nikijifanya natengeneza mnyororo wa baiskeli, ambao siku hiyo ulikuwa mzima kuliko siku zote. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na udongo wenyewe ulikuwa umeanza kubanduka, basi nilisikia kila neno.

"Mahari ya binti tumemaliza," baba mdogo alisema. "Mkaja wa mama tumemaliza. Kimebaki kilemba chako, mzee. Kitaje na sisi tupumue."

"Kilemba changu sitaki pesa," mzee akajibu. "Nataka kichwa cha garimoshi."

Nikaacha mnyororo.

"Cha kweli, mzee?"

"Cha kweli utakipitisha wapi? Kidogo, cha kuweka mezani. Lakini kiwe kile changu cha Ngombezi, si cha kubuni. Hapa naonekana mwongo."

Jirani yake, mkulima mwenzake aliyekaa upande wa wenye binti, akacheka. "Ni lile lililokuwa linakula mchanga?"

"Ndilo hilo."

"Na mboga yake ilikuwa nini?"

Kikao kizima kikacheka, hata baba mdogo, ambaye nilikuwa nimemlipia nauli asicheke. Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Hicho kikifika, binti anaondoka. Kisipofika, yupo kwao, hajatuchosha."

Baba mdogo alitoka anang'aa. "Wenzako kilemba wanatajiwa mia mbili," akaniambia. "Wewe umeombwa kitu cha kuchezea watoto. Nimekubali hapohapo, asije akabadili."

"Kiwe na nini na nini?"

"Hayo hukunituma niulize."

Nilianza kuulizia pale stesheni Korogwe, nikaelekezwa kwa fundi bati mmoja kwenye kambi ya vibarua, Ngombezi. Wazee wake walitoka kusini kuja kukata mkonge, yeye akaona bora akate bati. Alikuwa anatengeneza koroboi na faneli. Lakini juu ya kabati lake kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe. Alipokifunua nikasimama. Meneja mmoja Mzungu alikuwa amemwagiza amtengenezee mfano wa ile injini ya shamba. Fundi akaenda na kamba akaipima, akaitengeneza. Kabla haijachukuliwa shamba likawa la serikali, Mzungu akaondoka, injini ikabaki juu ya kabati.

Nilihesabu magurudumu. Matatu huku, matatu kule. Nikahesabu tena, jibu lilelile.

"Themanini," fundi alisema.

"Hamsini."

"Hamsini inawezekana." Akanyoosha mkono, akachukua koleo.

Nimepatana bei na watu wa kila namna. Wapo wanaoapa, wapo wanaolia, wapo wanaojifanya viziwi. Muuzaji wa kushika koleo sijawahi kumwona.

"Unafanya nini?"

"Natafuta cha hamsini."

Akang'oa kengele, kak, akaiweka kando. "Sabini." Kengele haikuniuma, kwani kitu chenyewe hakiendi popote, kitampigia nani? Akang'oa taa ya mbele. "Sitini na tano." Taa nayo sawa, mezani kuna koroboi. Kisha akaweka ncha ya koleo mgongoni pa injini, katikati, palipokuwa na uvimbe kama nundu ya ng'ombe.

"Hii ni kumi."

"Kazi yake nini?"

"Mimi niliipima, sikuiendesha."

Nilikiangalia kile kinundu kwa hamu ya kweli. Nikakigonga kwa ukucha. Lakini kitu ambacho muuzaji hakijui na mnunuzi hakijui, kwa mahesabu yangu, hakina bei. "Toa," nikasema. Tukafika hamsini na tano. Nilitaka kuendelea kwenye bomba la moshi, akanikataza. "Ukitoa bomba utakuwa umenunua boksi lenye magurudumu." Nikalipa, nikafunga mzigo kwenye kereia, nikapiga mluzi njia nzima.

Siku ya kupeleka, baba mdogo alikikabidhi mbele ya wazee, mimi nikaruhusiwa kusimama mlangoni. Mzee hakukitazama kwanza. Alifumba macho akakipapasa. Vidole vilianza mbele kwenye bomba, vikataja: moshi. Vikashuka pembeni: mvuke. Vikaenda nyuma kwenye kibanda: hapa kuni, hapa mimi. Alikuwa anatabasamu. Kisha mkono ukapanda mgongoni, ukakuta vidonda viwili vya risasi ya kuchomelea, ukasimama.

"Hapa palikuwa na kitu."

Baba mdogo akanitazama mimi.

"Nundu, mzee," nikasema. "Haikuwa na kazi."

Jirani yake akapiga paja. "Basi ndio mdomo wenyewe wa kulia mchanga. Ona, haupo. Nilijua tu."

Ningependa mzee angegombana, maana ugomvi una mwisho wake. Alikifunika tu kwa kitambaa, akakisukuma taratibu hadi kwa baba mdogo. "Kilemba bado hakijafika," akasema, kisha akauliza kama huko kwetu mvua zimeanza.

Binti alipita na sinia la vikombe vitupu. Akapunguza mwendo mlangoni.

"Ulipunguziwa kiasi gani hapo mgongoni?"

"Kumi."

"Ahaa," akasema. "Basi nimeijua bei yangu." Akaenda zake.

Jioni ile, kabla hatujaondoka, nilimfuata mzee shambani kwake. Nilimwamkia tena, ingawa nilikwishamwamkia asubuhi, nikamwomba anieleze tu ile nundu ilikuwa ya nini. Alinitazama muda, nadhani alikuwa anapima kama naomba msamaha au naanza kupatana bei upya. Mwishowe akaeleza. Majani ya mkonge yakikatwa yanatoa maji. Maji yanachuruzika kwenye matoroli, yanadondoka kwenye reli, reli inateleza kama bamia. Injini ikifika mlimani magurudumu yanazunguka palepale, moshi mwingi, safari hakuna. Basi mgongoni inawekwa nundu, ndani yake mchanga mkavu, na bomba jembamba linashuka hadi mbele ya gurudumu. Dereva anavuta kishikizo, mchanga unamwagika juu ya reli, gurudumu linashika. Kazi yake ya kwanza pale, akiwa kijana, ilikuwa kuchekecha mchanga na kuukausha motoni.

Miaka yote nimesimama stesheni na kuku wangu, sikuwahi kumuuliza mtu kwa nini chuma hakitelezi juu ya chuma. Nilirudi na swali hilo kichwani likanisumbua kuliko hata ile posa. Na bado, kwa tabia yangu, nilitaka kulihesabu mara ya pili kwa macho yangu.

Fundi alinipokea bila mshangao. "Nundu yako imekuwa koroboi," akasema. "Inawaka nyumba ya tatu kutoka hapa. Sasa nitengeneze nyingine, nayo iweje?"

"Kwanza tukaione ya kweli."

Kuacha kazi yake kulikuwa na bei, na bei ilikuwa jogoo. Tukaenda. Injini ilikuwa nyuma ya maghala ya kiwanda, imesimama kwenye kipande cha reli kisichoanza popote na kisichokwisha popote, majani yamepanda hadi kwenye magurudumu. Nilianza kuyahesabu. Mlinzi akatokea na kirungu.

"Unahesabu nini hapo?"

"Magurudumu."

"Ya nini?"

"Ya kuolea."

Akamtazama fundi. Fundi akamwambia ni kweli, huyu ndivyo alivyo. Mlinzi alisema amekwishakamata watu watatu waliokuja kung'oa vyuma, na wote walianza kwa kuhesabu. Nikamweleza kisa chote tangu kwenye upenu. Nilipofika kwenye mchanga, akaweka kirungu chini.

"Mimi nimelinda hiki kitu tangu shamba lilipotaifishwa. Humo mgongoni nilidhani ni maji."

Tukapanda wote watatu. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu, fundi akakigonga pembeni kwa koleo hadi kikalegea. Nikatia mkono. Ndani palikuwa na joto, na mkono wangu ukazama kwenye mchanga hadi kwenye kiwiko. Mkavu, laini, umechekechwa kama unga wa harusi. Miaka yote mvua zimenyesha juu yake. Fundi akatia mkono wake. Mlinzi akatazama huku na huku, naye akatia. Kisha tukashuka tukalifuata bomba jembamba kwa vidole hadi chini, na kweli, lilikuwa limeishia mbele ya gurudumu, upana wa vidole viwili juu ya reli. Fundi aliguna. Alikuwa ameliona siku ya kupima akadhani ni waya wa breki.

"Naomba kidogo," nikamwambia mlinzi, nimetoa leso.

Alifikiri. "Injini ni mali ya umma. Mchanga sikuambiwa kitu." Kisha akageukia upande wa maghala, akaendelea kulinda kule.

Nundu mpya, yenye kifuniko cha kufunguka na bomba lililotobolewa, fundi aliitaja ishirini. Nikasema kumi na tano, kwa mazoea tu. Akashika koleo. Nikalipa ishirini.

Baba mdogo alikataa kurudi Kwedizinga mikono mitupu. Alisema kilemba kilichokataliwa hakirudi peke yake, kinarudi na cha kuombea radhi. Ndiyo ile kilo ya sukari, na wanaokumbuka foleni za duka la ushirika wanajua kwamba hapo ndipo nilipotoa jasho hasa.

Wazee walikuwa walewale. Nilifungua leso mbele yao. Mzee alichota mchanga kidogo, akausugua kati ya vidole viwili, akaupeleka puani. Hakuuliza umetoka wapi. Aliujaza kwenye nundu, akafunga kifuniko, akainua kibao upande wa nyuma. Mchanga ukashuka, ukatoka mbele ya gurudumu, ukachora mstari mwembamba mezani. Jirani yake alisogea, akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Kwa hiyo lilikuwa halili," akasema. "Lilikuwa linatema."

"Mimi nilisema linakula. Hukuuliza unakwenda wapi."

"Inua tena nione."

Akainua tena. Mlangoni binti alikuwa amesimama, safari hii bila sinia. Mzee alifunga kifuniko, akakivuta kile kichwa kwake, akakipakata kama mtoto aliyepona homa. "Kilemba kimefika," akasema.

Tulioana kabla ya msimu wa kulima. Niliendelea na kuku wangu, na kila nikipita Kwedizinga nilikuta watu nyumbani kwa mkwe wangu: wanafunzi na mwalimu wao, akina mama wametoka kisimani, wageni wa jirani ambao jirani mwenyewe huwaleta na kuwaeleza yote kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Mzee aliyekuwa anachekwa sasa hana nafasi ya kupalilia. Kila anayekuja anataka kuinua kibao kwa mkono wake.

Mara moja nilifika, akaniacha ninywe uji kwanza, kisha akaniita nyuma ya ghala la mahindi. Alikuwa amekibeba kile kichwa kwapani. Akafungua kifuniko nitazame. Chini kabisa pamebaki mchanga wa kujaza kijiko cha chai. Mwingine umeingia kwenye nyufa za meza, mwingine umefagiwa, mwingine kuku wameudonoa. Na kule Ngombezi, nilikwishasikia, injini ilikuwa imekatwa vipandevipande ikapakiwa kwenye lori.

Alitazama nyuma yake kuhakikisha hakuna mtu.

"Mkwe," akasema, "wewe ni mtu wa sokoni, unayajua mambo ya bidhaa. Kesho jirani analeta shemeji zake. Pale mtoni mchanga umejaa tele, na mtu akiutazama hana atakachokijua. Lakini mimi nitajua. Nishauri: niujaze ule, au niwaambie umekwisha?"