Unga wa Mfupa wa Philister

Asubuhi ile mke wangu Philister alisugua kucha kwa limau, kama kila siku, kuondoa harufu ya mifupa. Tukanywa chai. Nikamtania kwamba hata chai inanuka machinjio. Akaniambia, Baba Linet, basi kunywa maji. Nikaenda zangu Diani kufua mashuka ya hoteli. Ilikuwa Agosti, mwaka wa tisini na saba.

Tulitoka Kakamega, bara, zamani. Hapa Ukunda alipata kazi kwa Daktari Tembo, aliyekuwa akitafuta kitu cha kuziba mfupa uliovunjika ukakataa kuunga. Daktari alikuwa na unga wake aliopika kwa kemikali, chokaa na asidi, mweupe kama chumvi. Philister akamtengenezea wa pili, wa mifupa ya miguu ya ng'ombe. Aliichemsha siku mbili, akaikwangua, akaichoma tanurini mpaka ikawa myeupe, akaisaga. Vichwa na pembe alivitupa, vilichafua tanuri.

Daktari akalaza mbuzi wawili kwa sindano, akawatoboa mfupa wa mguu. Mmoja alizibwa kwa unga huu, mwingine kwa ule. Philister aliwalisha miezi mitatu. Kesho ya siku ile ndiyo wangepimwa. Alitaka sana kujua unga upi umeshika.

Waliokuwa wakiwafukuza watu wa bara walifika saa tisa mchana, na mapanga na marungu. Jirani yetu Mwanaima, Mdigo wa hapa hapa pwani, alimfungulia mlango wake ajifiche. Philister akasema kwanza awafungue mbuzi.

Wakamkuta bandani. Wakaona tanuri limejaa mifupa mirefu, wakasema huyu wa bara anachoma watu. Akawaambia ni ya ng'ombe.

"Tuonyeshe pembe," mmoja akasema.

Hakuwa na pembe hata moja.

Walimpiga rungu la mdomo, kisha panga la shingo. Mwanaima aliingia kati, akakatwa mkono, vidole viwili vikabaki mchangani. Mbuzi nao wakapondwa kwa marungu palepale walipofungwa. Haya alinisimulia Mwanaima.

Mimi nilimkuta kifudifudi juu ya unga wake. Unga ulikuwa umeinywa damu.

Nilikata ile miguu miwili ya mbuzi iliyotobolewa nikaifukia kwenye chumvi. Baada ya mazishi nikampelekea daktari. Akaikwangua nyama, akaitazama. Yote ilikuwa imevunjwa na marungu. Mguu wenye unga wa daktari ulivunjika pale pale pa tundu. Wa Philister ulivunjika pembeni, umbali wa kidole kizima kutoka kwenye tundu. Kiraka kilishika.

Daktari alisema mbuzi wawili si ushahidi. Kisha akaketi chini sakafuni.

Siku ya kuwatoboa mbuzi, yeye huyo ndiye aliyemcheka mke wangu, kwamba anashindana na kemikali kwa takataka za machinjio. Nilikuwapo. Philister alimjibu hivi:

"Daktari, wako ni mweupe, sikatai. Lakini haujasimama hata siku moja. Huu wangu umeshambeba ng'ombe."