Swichi ya Machage

Hyasinta alipata kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha minofu ya sangara Musoma baada ya mumewe, Wanzagi, kupunguzwa kazi Bunda, kiwanda cha pamba kilipouzwa. Tangu hapo nyumba nzima ilikula jasho lake, na Wanzagi hakumsamehe kwa hilo.

Kompyuta za kiwandani ziliungwa mtandao na Machage, fundi mwenye haraka, asiyemaliza jina la kitu. Kebo ya mtandao kwake ni kebo, kadi ya mtandao ni kadi. Hyasinta akimuuliza, anacheka: "Mama Keraryo, utazoea tu."

Asubuhi moja mtandao uligoma. Hyasinta akampigia simu Machage, aliyekuwa Bunda kwenye kazi nyingine.

"Zima swichi, halafu washa," alisema Machage.

"Swichi ipi?"

"Swichi, mama! Si iko hapo ukutani? Fanya haraka, niko na watu."

Simu ikakatika. Swichi ya ukutani aliyoijua Hyasinta ilikuwa moja, ile kubwa ya umeme. Kisanduku chenye vitaa vya kijani juu ya mlango, kinachounganisha kompyuta zote, nacho huitwa swichi, lakini hakuna aliyewahi kumtajia jina hilo. Akaishusha ile kubwa, akaipandisha papo hapo. Taa zikarudi. Mashine ya chumba cha baridi, isiyotakiwa kuwashwa papo hapo ikizimwa, ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Kabla spea haijafika kutoka Mwanza, minofu yote ilikuwa imeoza.

Mbele ya meneja, Machage alikuwa mkavu. "Nilisema swichi ya mtandao."

"Hukusema ya mtandao," Hyasinta alijibu. "Na nilikuuliza."

"Fundi kompyuta akisema swichi, atakuwa anasemaga swichi gani tena?"

Meneja alitikisa kichwa, akamwandikia Hyasinta barua ya kuachishwa kazi.

Mwezi ulipopita, Susana, mfagizi wa kiwandani, alimletea habari: Machage amebandika karatasi kwenye kila chombo, jina zima, herufi kubwa. SWICHI YA MTANDAO. SWICHI KUU YA UMEME.

Hyasinta alijifunga kanga, akaenda kiwandani. "Kama kosa lilikuwa langu," alimwambia meneja, "yeye anabandika nini?"

Meneja alitazama dirishani. "Nafasi imeshajazwa, mama."

Alirudi kwa miguu. Wanzagi, aliyekuwa amekaa barazani, alimuuliza wamesemaje. Hyasinta aliingia ndani kutafuta ndoo ya kwenda kuchuuzia dagaa.