Mto Chini ya Mkeka

Kwetu, kwenye milima ya Bahari ya Shamu, watu wakikutana ni lazima wapeane habari, na habari haitiwi chumvi. Shangazi yangu Amuna alisifika kwa hilo. Waliopita kisimani kwake walibeba maneno yake hadi Sinkat, na hakuna aliyeyahoji.

Mwaka ule kisima kilikuwa kinakauka. Mimi, kazi yangu Port Sudan ni kusoma picha za setilaiti, basi nikamletea moja. Kwa macho ni mchanga mtupu, lakini rada ilikuwa imepenya ikaonyesha mto wa kale umelala chini, umejipinda kama mshipa kwenye mkono wa mzee.

"Chimbeni hapa, shangazi. Maji yapo."

"Na hiki chekundu hapa kwenye kona?"

"Mawe ya dhahabu," nilisema, na papo hapo nikajuta. Bonde la jirani nalo liliwahi kujulikana kuwa na dhahabu. Wakaja watu wa bunduki, wakamwaga zebaki ya kusafishia dhahabu, mbuzi wakafa, wenyeji wakahama.

Kahawa haijachemka, tukasikia gari. Shangazi akaisukuma picha chini ya mkeka, akaukalia. Wakashuka wanaume watatu, bunduki begani. Sikufichi, niliogopa. Sikuinuka hata kuwapa mkono.

"Salama, mama. Habari za huku?" aliuliza mkubwa wao.

"Salama. Mvua hakuna. Ngamia wamekonda."

"Na huyu bwana mdogo? Tunasikia ana picha za kutoka angani." Akanigeukia. "Iko wapi? Mbona unatetemeka, una homa?"

Wenzake wakacheka. Nilijua akiniuliza tena nitasema yote.

"Mwacheni," shangazi akasema. "Amekuja kwa msiba. Mume wangu Adarob amefariki. Tumemzika jana."

Kicheko kikakatika. Neno la Amuna lilikuwa neno. Wakainua mikono, wakasoma Fatiha, wakamwombea subira, wakaondoka. Hakuna anayeulizia dhahabu kwenye matanga.

Adarob alikuwa malishoni na ngamia wake, mzima kama chuma. Njiani kurudi nyumbani alikutana na binamu yake anakuja na kondoo wa msiba, analia.

"Nani kafa?" Adarob akauliza.

"Si wewe!"

Kisa kiliposikika, vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Wazee hawakucheka; kwetu habari haitiwi chumvi.

Maji tuliyapata palepale. Picha shangazi aliichoma kwenye makaa ya kahawa. Wale wa bunduki hawajarudi, ingawa mpaka leo nikisikia gari hutoka nje kutazama. Wapita njia nao bado wanakuja. Wanamsalimu shangazi, wanakunywa maji yake, kisha wanamgeukia Adarob: "Habari za huku?"

Shangazi huinamisha kichwa, akaendelea kuvuta kamba ya ndoo.