Moto wa Manjano na Kichujio cha Fundi Mbaruku

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe, kiti kirefu kisicho na mgongo, na onyo. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, nami nimetoka chuoni Kampala na shahada yangu na mdomo usiotulia. Mkuu wa Maabara, Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwenye mashamba ya mkonge, aliniambia, "Hapa Tanga tunapima udongo. Maswali yako uulize udongo."

Nikamuuliza, udongo usipojibu nimuulize nani. Hakucheka.

Nyinyi mnaofanya kazi na mashine zinazojisomea zenyewe, hebu niwaeleze tulivyofanya. Udongo wa mashamba uliyeyushwa kwa asidi, ukachujwa, kisha yale maji yakarashwa kama ukungu ndani ya moto wa gesi. Kila madini huupa moto rangi yake, na mashine hupima ukali wa rangi hiyo. Sisi tulitafuta potasiamu, maana mkonge ukiikosa majani huoza kwenye shina. Ili ukungu ule urashwe sawasawa ilihitajika hewa yenye nguvu isiyoyumba, na hewa hiyo ilitoka kwenye kompresa, mashine ya kushindilia hewa, katika kibanda cha mabati nyuma ya maabara.

Mwenye kibanda alikuwa Fundi Mbaruku, Mdigo wa mtaa wa Ngamiani, mtu mzima mwenye kofia ambayo sikuwahi kuiona na doa la mafuta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, msomi. Umekuja kuuliza au kufanya kazi?"

"Vyote."

"Basi shika hapa."

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alitazama kiwango cha mafuta kwenye kioo kidogo ubavuni mwa mashine. Akaubonyeza mkanda unaoizungusha mashine kwa dole gumba. Ukilegea unateleza, ukikaza mno unakula beringi. Kisha alifungua koki iliyo chini ya tangi la hewa, maji yakatoka kwa kishindo. Nilishangaa maji hayo yametoka wapi. Akanieleza kwamba hewa ya pwani imejaa unyevu, na ukiishindilia, unyevu wake hugeuka maji yakatuama chini. Juu ya tangi palikuwa na valvu ya usalama, inayofunguka yenyewe hewa ikizidi. Aliivuta mara kwa mara kuhakikisha haijakwama. "Hii ikikwama," alisema, "tutazikwa bila ya kuoshwa."

Cha mwisho kilikuwa kichujio: duara la sufu nzito ndani ya kikombe cha shaba, kati ya tangi na maabara, la kunasa matone na mafuta. Alilifua mwenyewe kwa sabuni.

Saa ya chai alinimiminia kutoka chupa yake ya nyumbani. Nilikunja uso. Akaangua kicheko. "Nyie Washambaa mna tabu! Chai ya mke wangu Mwanaidi ina nini?"

"Ina chumvi, fundi."

"Chumvi! Yakhe, maji matamu yale, nimeyanywa tangu kuzaliwa."

Baada ya masika, moto wetu ukaharibika. Tulikuwa tukianza kazi kwa kurasha maji safi ya mvuke, yasiyo na madini yoyote, na moto ulipaswa kubaki buluu. Sasa ukawaka manjano, tena kwa kurukaruka. Vipimo vyote vikawa vya kutupa. Mkuu wa Maabara alimwita Fundi Mbaruku mbele yetu sote.

"Humwagi maji ya tangi. Umekuwa mvivu."

"Bwana Mkuu, ninayamwaga kila asubuhi."

"Basi safisha vizuri. Jumatatu moto ukiwa hivi, nitaweka mtu mwingine."

Baadaye kibandani fundi aliniambia, huku akifuta geji ya hewa iliyokwisha kung'aa, "Kufukuzwa nitastahimili. Kuitwa mvivu, na umri huu, mbele ya vijana! Hilo ndilo lililoniingia."

Wiki ile aliifungua kompresa yote. Alibadilisha mafuta, akakwangua valvu, na kichujio alikifua kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Moto ukazidi kuwa manjano.

Hapo ndipo nilipoanza kusumbuliwa. Maji kwenye hewa huutikisa moto, lakini hayaupaki rangi. Manjano ni rangi ya sodiamu, yaani chumvi. Kila mtu alisema ni upepo wa bahari. Nikafunga madirisha yote, tukaloa jasho, moto haukubadilika. Na kama ni bahari, mbona haikutusumbua kabla ya masika? Na kwa nini usafi unazidisha uchafu?

Jumamosi alasiri nilikwenda kwake Ngamiani. Nilimkuta uani, amechuchumaa kando ya kisima, anakisugua kichujio kama anaosha shati la Idi.

"Kwa nini unafulia huku, fundi?"

"Bomba la kule kibandani tangu mvua linatoa kutu. Nitafulia kutu? Huku maji safi."

Palikuwa na kichujio cha akiba kimeanikwa kambani, kimekauka. Nikakichukua, nikakilamba.

Bi Mwanaidi akadondosha kata. "Mume wangu, huyu msomi wako anakula mashine!"

"Kina chumvi," nikasema.

"Ndiyo hivyo hivyo ulivyoisingizia chai yangu," akajibu. Fundi akaacha kusugua, akateka maji ya kisima kwa kiganja, akayaonja taratibu, kama mtu anayeonja kitu mara ya kwanza maishani.

"Mimi siisikii," alisema mwishowe. "Wallahi siisikii. Lakini wewe uliisikia siku ya kwanza."

Jumatatu tulisuuza vichujio vyote kwa maji ya mvuke, chumvi ya kisima itoke, tukavikausha juu ya jiko la maabara. Mkuu wa Maabara alisimama mlangoni, mikono nyuma. Fundi aliwasha kompresa, mimi nikawasha gesi. Moto ulirukaruka manjano kidogo wakati bomba la hewa linajisafisha, kisha ukatulia: buluu, wima, kimya. Nilisikia pumzi ndefu nyuma yangu, nikageuka nikidhani ni ya fundi. Kumbe ni ya Mkuu.

"Haukuwa uvivu," alisema.

"Haukuwa," fundi akajibu, akaweka kofia yake sawa.

Alibaki kibandani hadi alipostaafu kwa hiari yake. Kuanzia siku ile aliniletea chai ya maji ya mvua.

Nami nilipandishwa vyeo, nikahamishwa, nikarudi, nikazeeka. Siku yangu ya mwisho kazini nilipita chumba cha kompresa, nikafungua koki ya tangi, nikachovya kidole kwenye maji na kukiweka ulimini. Bi Zuhura, msimamizi wa mitambo, alinitazama kwa wasiwasi.

"Vipi, mzee wangu?"

"Matamu," nikasema. Nikafunga koki, nikaenda nyumbani.