Jibu Lililotokea Dirishani

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, kisha ninyi mfuate.

Mke wangu anafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Kirumba. Viwanda vya minofu ya samaki vilipofunguliwa, wakaja wanunuzi wa sangara wasiojua Kiswahili, naye akataka kunifundisha. Nikajibu kwa majivuno kwamba mwanaume hafundishwi na mkewe. Kumbe kila jioni nikitoka kuuza samaki sokoni Mwaloni, nachuchumaa chini ya dirisha la darasa lake, nasikiliza.

Juzi alikuwa anaeleza vitenzi vya kuamuru na vya kutamani.

“Kuamuru mnakujua,” akasema. “Nani ana sentensi ya kutamani?”

Wanafunzi wakainamia madaftari. Mimi jibu ninalo, linaniwasha. Na sisi shuleni tulizoezwa kwa fimbo kwamba anayejibu husimama. Nikasimama wima, kichwa kikachomoza dirishani, nikatamka kwa Kiingereza changu chenye shombo kwamba natamani ningekuwa mwanafunzi wa mwalimu huyu.

Darasa zima likageuka. Mke wangu akanitazama, chaki mkononi, machozi yakimlengalenga.

“Sahihi,” akasema. “Mpigieni makofi Baba Neema. Na wewe, zunguka upite mlangoni.”